Sungura Aliyekataa Majani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mikindani

Sungura anayehusika na uchambuzi huu ni dume wa umri wa miaka mitatu hivi, mweupe mwenye mabaka ya kijivu, aitwaye Madoa. Alifugwa na familia moja ya Mikindani, mkoani Mtwara, si kwa nyama wala kwa biashara, bali kama mnyama wa nyumbani. Mtunzaji wake wa kila siku ni mtoto wa darasa la tano akisaidiwa na bibi yake, ambaye hukaanga vitumbua alfajiri na kuviuza barazani. Mwishoni mwa Novemba, joto la pwani likiwa limeshakuwa kali na mvua za Desemba hazijashuka, Madoa aliacha kula kabisa. Niliitwa nikiwa mtaalamu wa mifugo ninayehudumia eneo hilo, na ninakiandika kisa hiki kwa ridhaa ya familia, kwa sababu dalili zote zilizomfikisha pale zilikuwa zimeonekana kwa wiki nyingi, zikasemwa kwa sauti, lakini zikachukuliwa kuwa ni tabia yake tu.

Nilimkuta amejikunyata kwenye kona ya tundu, mgongo umeinuka, macho yamefumba nusu, akisaga meno kwa sauti ambayo mtu huisikia akiinama karibu. Kusaga huku si ule mkwaruzo mwepesi ambao sungura huutoa akipapaswa kichwani na kuridhika. Huu ulikuwa mzito, wa kukatika na kuanza tena, nao huashiria maumivu. Manyoya ya kidevuni na kifuani yalikuwa yamelowa mate na kugandana. Bibi wa nyumba, baada ya kuipokea shikamoo yangu, alisema kwa upole, "Amenuna tu huyu, mwanangu. Tangu jana mchana hata kitumbua amekikataa, na mjukuu wangu hajalala." Mtoto alikuwa amemfunika Madoa kwa kitambaa kilicholowa maji, kwa kuwa wote nyumbani walidhani kuwa joto ndilo lililomzidi.

Jambo la kwanza la kupima katika hali ya namna hii ni muda. Mbwa akikosa hamu ya kula siku moja, mara nyingi tunasubiri tuone. Kwa sungura, saa 12 bila kula chochote zinatosha kuhesabiwa kuwa ni dharura, na Madoa alikuwa anakaribia saa 20. Sababu iko kwenye utumbo wake. Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia tumboni hakina njia nyingine isipokuwa kusonga mbele, na kinachokisukuma ni nyuzinyuzi za majani zinazoingia mfululizo mchana na usiku. Nyuzinyuzi zikikoma, utumbo hupunguza mwendo, maji yaliyomo hunyonywa, mchanganyiko wa chakula na manyoya aliyojilamba hukauka, gesi hujikusanya, maumivu huongezeka, na maumivu hayo humfanya azidi kukataa chakula. Bakteria wanaoishi kwenye mfuko mkubwa wa utumbo, ambao ndio wanaomchachushia majani na kumpatia sehemu kubwa ya lishe, huanza kupoteza uwiano wao, wenye madhara wakiwazidi wenye faida. Wakati huohuo mwili uliokosa chakula huyeyusha mafuta yake kwa kasi ambayo ini haliwezi kuihimili, na ndiyo maana sungura mnene aliyeacha kula yuko hatarini zaidi kuliko mwembamba.

Joto la mwili wa Madoa lilikuwa nyuzi 37.9, ilhali la sungura mwenye afya huwa kati ya 38.5 na 39.5, wakati mwingine likazidi hapo kidogo. Uzito ulikuwa kilo 1.6. Mtoto, ambaye ana desturi ya kumpima kwenye mizani ya duka la jirani, alikumbuka kwamba mwezi wa Mei alikuwa na kilo 2.1, kwa maneno mengine, karibu robo ya mwili wake ilikuwa imeondoka bila mtu kuona, kwa kuwa manyoya huficha mbavu. Tumbo lilibonyea chini ya vidole, halikuwa limevimba wala kukaza, na sikio lilipowekwa ubavuni hakukusikika mngurumo wowote ambao kwa kawaida husikika kila baada ya muda mfupi.

Kipimo cha joto ndicho kilichobadilisha uamuzi wa kwanza. Katika mwezi ambao kila mtu Mtwara analalamikia jua, ni rahisi kuamini kwamba mnyama aliyelegea amezidiwa na joto, na kweli sungura huumizwa sana na joto: hatoki jasho, hutegemea masikio yake kupoza damu, na hewa ikivuka nyuzi 30 huanza kuteseka. Lakini huyu alikuwa ameanza kupoa. Sungura aliyeacha kula, ambaye joto la mwili wake limeshuka chini ya 38, yuko katika hali mbaya kuliko yule mwenye joto la kawaida, na kitambaa cha maji kilikuwa kinaongeza tatizo badala ya kuliondoa. Tulikiondoa, tukamkausha, tukamweka juu ya khanga iliyokunjwa, na pembeni yake chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa. Kipimajoto cha kawaida cha binadamu, kinachopakwa mafuta kidogo na kuingizwa taratibu kwenye njia ya haja kubwa, kinatosha kwa kazi hii, na kwa maoni yangu kila nyumba yenye sungura inapaswa kuwa nacho kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Ule ulaini wa tumbo nao ulikuwa na maana yake. Kama tumbo lingekuwa limejaa na kukaza, ningeshuku kwamba utumbo umeziba, na katika hali hiyo kumlisha kwa nguvu kunaweza kumuua. Hapo hakuna la kufanya nyumbani isipokuwa kumkimbiza kwa daktari wa mifugo. Madoa hakuwa hivyo. Utumbo wake ulikuwa umesimama, lakini ulikuwa wazi.

Nilimwomba mtoto anionyeshe kinyesi. Wenye sungura wengi hukifagia bila kukitazama, nami nadhani hakuna chanzo cha habari kinachopuuzwa zaidi ya hiki. Kwenye takataka zilizofagiwa tangu juzi tulipata punje ndogo, nyeusi, kavu, za maumbo yasiyolingana, kama mbegu za papai, nyingine zimeunganishwa na unywele. Punje za sungura anayekula majani vizuri huwa za mviringo, zina ukubwa unaokaribia sentimita moja, hulingana, na zikivunjwa huonekana zimejaa nyuzi za majani. Tangu usiku uliotangulia hakukuwa na punje hata moja. Mtoto alisema kwamba punje zilikuwa zimeanza kuwa ndogo "tangu shule zilipofunguliwa Septemba". Alikuwa ameliona jambo lenyewe mapema kuliko watu wazima wote. Hakuwa amepata mtu wa kumwambia kwamba lina maana.

Nikauliza kuhusu chakula. Hapa ndipo kisa kilipo, na ninaomba msomaji avumilie urefu wake.

Tangu alipoletwa, Madoa alikuwa akilishwa nyasi zinazokatwa kila siku chini ya mikorosho iliyo nyuma ya nyumba, pamoja na majani ya matembele na kishona nguo. Chakula hicho kilimfaa. Mwezi wa Juni wenye mikorosho walianza kupuliza salfa, kama inavyofanyika kila mwaka Mtwara na Lindi ili kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, usiharibu maua na machipukizi. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani ili unga ushike, na baada ya kupuliza, nyasi zilizo chini hubaki na vumbi la manjano linaloonekana kwa macho. Zoezi hilo hurudiwa mara kadhaa kwa msimu, na baadhi ya wakulima hutumia viuatilifu vya maji badala ya unga. Bibi aliamua mara moja kwamba nyasi za pale zisiguswe. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa: unga wa salfa huwasha macho na njia za hewa, na mnyama mlamajani akiila kwa wingi, bakteria wa tumboni huweza kuigeuza kuwa gesi yenye sumu. Wapo watu wazima wenye elimu ya kutosha ambao hawafikirii jambo hilo hata siku moja.

Tatizo lilikuwa kwamba nyasi zilipoondolewa, hazikupatiwa mbadala. Kiangazi kilikuwa kimeanza, ukoka wa kando ya njia ukakauka na kujaa vumbi, na pengo likazibwa na vilivyokuwepo jikoni: vitumbua vilivyovunjika, mkate wa chai, ugali uliobaki, pumba za mahindi, kipande cha karoti siku za soko. Kila kimoja kati ya hivyo kilitolewa kwa upendo. Vyote kwa pamoja vilikuwa wanga na sukari, bila nyuzinyuzi za kutosha, na vyote vilikuwa laini.

Ulaini ndio ulioanza kuharibu. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele hukua takribani milimita mbili au zaidi kidogo kwa wiki, na magego nayo hukua. Kinachoyazuia yasizidi ni kusagana yenyewe kwa yenyewe wakati mnyama anapotafuna majani magumu. Anapotafuna nyasi, taya lake huenda upande kwa upande mara nyingi sana kwa dakika, na chembe ngumu za silika zilizomo ndani ya nyasi hulisaga gego lote kwa usawa. Anapotafuna mkate au ugali, taya hupanda na kushuka tu, tena kwa muda mfupi, kwa sababu shibe huja haraka. Gego husagika katikati, kingo zake zikabaki, na kingo hizo huchongoka kuwa ncha. Ncha za magego ya chini huelekea ndani na kuukata ulimi. Za magego ya juu huelekea nje na kulikata shavu. Sungura ana meno 28, na mwenye nyumba huona yale ya mbele peke yake. Meno ya mbele ya Madoa yalikuwa mazuri, meupe, yamelingana, na familia ilikuwa imeyatazama mara kwa mara na kuridhika.

Maumivu ya magego hayamfanyi sungura alie. Humfanya achague. Nilipomwomba mtoto anieleze, bila haraka, ni chakula gani Madoa alikiacha kwanza na kipi kilifuata, alinipa mfululizo ulioeleweka kuliko maelezo mengi ninayopewa na wafugaji wazoefu. Kwanza alikataa mashina ya mabingobingo ambayo mjomba alimletea siku moja. Kisha akawa analichukua jani la ukoka, analitafuna kidogo, analidondosha. Kisha akayakubali matembele peke yake, tena yale machanga. Kisha akawa anakimbilia sahani kwa hamu, ananusa, anageuza kichwa. Mwishoni alibaki na vitumbua. Nyumbani mambo hayo yote yalikuwa na maelezo yake: amezoea vya mjini, amedeka, majani hayapendi siku hizi. Na kadiri alivyoonekana kupenda vitumbua ndivyo alivyoongezewa, kwa nia njema ya kumfanya anenepe, na kila kitumbua kilimwondolea sababu moja zaidi ya kutafuna.

Kwa hiyo ninasema bila kusita kwamba sungura anayekataa majani na kukubali vyakula laini hajabadilisha ladha. Huyo ni mgonjwa wa meno mpaka uchunguzi uthibitishe vinginevyo. Sungura aliyezaliwa na mwili wa kula nyasi hana sababu ya kuzichoka, na anayedondosha chakula kutoka mdomoni au kukiendea kwa hamu kisha akageuka anaeleza kwamba njaa ipo, bali kutafuna kunamuuma. Dalili nyingine huja baadaye: kidevu chenye mate, jicho linalotoa machozi upande mmoja kwa kuwa mfereji wa machozi hupita karibu na mizizi ya meno, na punje za kinyesi zinazopungua ukubwa.

Kulikuwa na dalili moja zaidi iliyosomwa vibaya. Mwezi wa Oktoba bibi alikuwa ameona uchafu laini umegandia chini ya mkia, akaamini kwamba Madoa anaharisha, akamwosha kwa maji na kumpa uji mwepesi wa muhogo. Huko hakukuwa kuharisha. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili: punje kavu tunazozifagia, na kingine laini, chenye kung'aa, kilichoshikana vishada vidogo, ambacho hukila moja kwa moja kutoka mwilini, mara nyingi usiku au alfajiri, ili apate protini na vitamini zilizotengenezwa na bakteria wake. Chakula chenye wanga mwingi hukiharibu kinyesi hicho na kukifanya kilegee, na sungura mnene au mwenye maumivu hashindwi tu kukila bali pia kujisafisha. Kuosha hakukuwa tiba, na kwa pwani yetu uchafu wa namna hiyo una hatari yake: nzi hutaga humo, na ndani ya siku moja funza wanaweza kuwa wameingia kwenye ngozi. Tulimkagua Madoa kwa makini. Kwa bahati njema hakuwa nao.

Jambo lililonitia hofu kuliko yote nililikuta mezani. Jirani aliyetumwa dukani alikuwa amerudi na vidonge vya amoksilini, akiambiwa avunje nusu ya kidonge na kukikoroga kwenye maji. Bibi hakuwa amempa bado, kwa sababu alitaka kwanza kuuliza. Busara hiyo huenda ndiyo iliyomwokoa Madoa. Dawa za jamii ya penisilini, zikiwemo amoksilini na ampisilini, zikipita mdomoni kwa sungura huua bakteria wenye faida kwenye utumbo wake na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu. Mnyama huharisha kwelikweli, na vifo ndani ya siku chache ni vya kawaida. Zipo dawa nyingine za kuua bakteria ambazo sungura huzihimili, ila uchaguzi wake ni wa daktari wa mifugo. Vilevile dawa ya viroboto ya mbwa na paka yenye fiproni isitumiwe kwa sungura kamwe. Naitaja kwa sababu nyumba ile ilikuwa na paka na chupa ya dawa hiyo ilikuwa rafuni.

Daktari wa mifugo alifika jioni ileile kutoka mjini. Wengi wa wagonjwa wake ni ng'ombe, mbuzi na mbwa, na alisema wazi kwamba sungura huwaona mara chache. Lakini alichunguza mdomo kwa kifaa chenye taa ambacho kwa kawaida hutazamia masikio, akiingiza ncha yake pembeni nyuma ya meno ya mbele, na akaziona ncha za magego mawili ya chini upande wa kushoto na kidonda kwenye ulimi. Alimpa maji ya chumvi yaliyopashwa uvuguvugu chini ya ngozi ya mgongo, na dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wa siku hiyo. Dawa ya maumivu hapa haikuwa ya kumstarehesha tu: utumbo wa sungura husimama kwa sababu ya maumivu peke yake, na bila kuyaondoa hauanzi tena. Magego hakuyagusa usiku ule. Kuyasaga kunahitaji dawa ya usingizi, na mnyama aliyepoa, mwenye utumbo uliosimama, si wa kulazwa.

Kazi ya usiku ikabaki kwa familia, nayo ilikuwa kumlisha. Vyakula vya unga vilivyotengenezwa kwa ajili ya sungura wagonjwa havikupatikana Mtwara, kwa hiyo tulitumia kilichokuwepo: nyasi kavu safi kutoka kwa mfugaji mmoja wa mbuzi, zikatwangwa kwenye kinu, zikachekechwa kwa chekecheo la unga mpaka zikawa vumbi, zikachanganywa na majani ya matembele yaliyopondwa na maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Uji huo ulipitishwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo mdomo wake ulikatwa kidogo ili nyuzi zisizibe. Kiasi ni mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, yaani kwa Madoa takribani mililita 20, kila baada ya saa nne. Bomba huingizwa pembeni, kwenye nafasi iliyo wazi kati ya meno ya mbele na magego, na hutolewa mililita moja tu kwa wakati, kisha mtu anasubiri atafune na kumeza. Mtu akiharakisha, uji huingia mapafuni. Sungura hageuzwi chali wakati wa kulishwa. Alifungwa kwenye taulo, miguu minne ikiwa chini yake, kichwa kikiwa sawa. Mtoto ndiye aliyemshika, bibi akalisha, na nilivutiwa na jinsi mikono ya mama huyo, iliyozoea kumimina vitumbua kikaangoni bila kumwaga tone, ilivyoweza kazi ile mara moja.

Kabla ya alfajiri zilitoka punje za kwanza, chache na ndogo. Joto lilikuwa limerudi 38.6. Mchana wake alikula jani changa la matembele mwenyewe, na siku ya tatu daktari alirudi kuyasaga magego kwa dawa ya usingizi. Aliagiza jambo ambalo familia ililishangaa: Madoa asifungishwe kabla ya usingizi. Mtu na mbwa hufungishwa ili wasitapike wakiwa wamelala. Sungura hatapiki, na kumnyima chakula kungeusimamisha tena utumbo ambao ndio kwanza umeamka. Ncha zilisagwa kwa tupa ndogo maalumu. Ninasisitiza hili kwa sababu nimekuta watu wanaokata meno ya sungura kwa koleo au kikata kucha: jino hupasuka kwa urefu mpaka kwenye mzizi, usaha huingia, na jipu la taya la sungura ni gumu kutibika kuliko tatizo lililokuwepo mwanzo.

Kurudi kwenye nyasi kulichukua zaidi ya wiki. Vitumbua, mkate, ugali na pumba vilisimamishwa kabisa. Bibi alihofia kwamba mnyama aliyekonda hivyo atakufa njaa bila vyakula vya kushibisha. Tulikubaliana kwamba mizani ya dukani iamue, na Madoa akapimwa mara kwa mara. Uzito haukushuka tena, kisha ukaanza kupanda polepole. Tundu nalo lilihamishwa. Lilikuwa limeegemezwa ukutani chini ya bati ambalo mchana halishikiki kwa mkono. Sasa liko upande wa kaskazini mashariki wa nyumba, chini ya mwembe, upepo wa bahari ukilipita, na siku za jua kali mtoto huweka ndani chupa ya maji yaliyogandishwa iliyofungwa kitambaa ili Madoa ajiegemeze akitaka. Maji ya kunywa huwekwa kwenye bakuli zito la udongo badala ya kikopo, kwa sababu sungura wa kilo mbili huweza kunywa mililita 200 kwa siku, na zaidi wakati wa joto, na kikopo kilikuwa kikipinduliwa kila mara.

Lililobaki ni swali la Juni ijayo, salfa itakapopulizwa tena. Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu zaidi na familia, kwa kuwa matibabu yote hayo hayana thamani kama chanzo kitajirudia. Mahitaji yanahesabika. Sungura wa ukubwa wa Madoa anahitaji takribani gramu 100 za nyasi kavu kwa siku. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Desemba ni siku zipatazo 210, yaani kilo 21, na ukiongeza zinazokanyagwa na kuchafuliwa, kilo 30 zinatosha. Hizo ni nyasi ambazo Mikindani inazo bure mwezi wa Aprili na Mei, mvua zinapoelekea kuisha. Tulikubaliana zikatwe chini ya minazi iliyo karibu na ghuba, mbali na mikorosho, kwa idhini ya mwenye shamba, zikiwa zimechanua kidogo lakini bado zina rangi ya kijani. Zianikwe kivulini au kwenye jua la asubuhi, zigeuzwe mara kwa mara, kwa siku mbili au tatu, mpaka shina likikunjwa livunjike. Unyevu wa pwani yetu ndio adui mkubwa hapa: nyasi zikifungwa kabla hazijakauka huota ukungu, na zenye ukungu zinamdhuru sungura kuliko kukosa. Kwa hiyo zihifadhiwe juu ya chanja, ndani ya magunia ya katani au viroba vilivyotobolewa, na kila kiroba kinuswe kabla ya kufunguliwa kwa matumizi. Chenye harufu ya uvundo kitupwe.

Juu ya nyasi hizo aongezewe fungu la majani mabichi kila siku, ya aina mbalimbali: matembele, kishona nguo, majani ya mbaazi, mlonge kwa kiasi. Kisamvu kibichi kisitumike, kwa sababu majani ya muhogo, hasa ya muhogo mchungu ambao ni wa kawaida huku kusini, hutoa sumu ya sianidi. Majani ya parachichi na ya nyanya vilevile yaachwe. Karoti na kipande cha embe au bibo ni vya kuonja tu, ukubwa wa kidole gumba, si kila siku.

Daktari hakuwaficha familia jambo moja. Gego lililokwisha kuota vibaya mara nyingi halirudi kusimama kama zamani, hata chakula kikirekebishwa, na Madoa huenda akahitaji kusagwa tena. Mdomo wake utakaguliwa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Katikati ya kaguzi hizo mtoto amepewa kazi tatu: kuzitazama punje za kinyesi kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kumpima uzito kila Jumamosi na kuandika kwenye daftari, na kumpa Madoa unyasi mmoja mrefu mkononi ili aone kama anautafuna wote mpaka mwisho. Siku atakapouacha katikati, bibi atanipigia simu siku hiyohiyo. Ukaguzi wa kwanza ulifanyika mwishoni mwa Januari: kidonda cha ulimi kilikuwa kimepona, uzito umefikia kilo 1.9, na kwenye gego moja la chini ncha ndogo ilikuwa imeanza kujitokeza, ambayo daktari ameamua kuiangalia tena mwezi wa Machi kabla ya kuigusa.